Maneno ya Onyesho la Tatu

Wanafunzi wa Mwalimu Helena Komba walikuwa wamezoea jambo moja kwake bila kujua chanzo chake. Mama huyu alifundisha tamthilia kwa moyo wote, hata wale wa viti vya nyuma wakaacha kusinzia. Lakini kila alipofika kwenye ukuaji wa mhusika na lugha yake, aligeukia ubao, akaandika mistari minne ya haraka, akasema "Nakilini, tutaendelea," na siku ya kuendelea haikufika. Walimu wenzake walidhani ni uvivu wa mtu anayekaribia kustaafu. Haukuwa uvivu.

Siku moja ya mwezi wa kumi, msichana wa kidato cha tatu aitwaye Irene alinyoosha mkono kabla mistari minne haijakauka ubaoni. Walikuwa wakisoma habari ya binti anayeozwa kwa nguvu, na Irene alikuwa mtu wa kutaka kujua.

"Mwalimu, huyu mwanzoni hata kuitikia anaona taabu. Mwishoni anasema mpaka wazee wanainamisha vichwa. Hapo katikati, nani alimfundisha kusema?"

Helena alimwambia akae. Akasema kichwa kinamuuma, akakusanya madaftari, akatoka nje dakika kumi na tano kabla ya kengele. Kichwa kilikuwa kinauma kweli, ila si hicho kilichomtoa darasani. Swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale, aliwahi kuulizwa miaka saba nyuma, na jinsi alivyolijibu ilikuwa ndiyo aibu ya maisha yake.

Helena hakuwa mtu wa Mtwara kwa kuzaliwa. Alitoka Songea, akaja na mumewe Mikaeli aliyepata kazi ya ukarani bandarini, wakajenga mtaa wa Rahaleo nyumba ya vyumba vitatu yenye mpapai mbele. Miaka ikapita, akajihesabu mwenyeji. Alikula ming'oko, vile viazi vya porini vya kule, alifunga kanga vizuri, alisalimia wauza samaki kwa Kimakonde wakacheka na kumwongezea mmoja. Na mtu akishajua kusalimia kwa lugha ya watu huanza kudhani yumo ndani ya nyumba yao, kumbe bado yuko barazani. Hilo ndilo lililomponza mwalimu wetu, maana barazani aliketi kwa raha sana.

Miaka saba iliyopita aliandika tamthilia yake mwenyewe kwa ajili ya mashindano ya sanaa ya shule. Ilimhusu Mwanaidi, binti wa kijiji cha ng'ambo ya mikoko, ambaye baba yake anamwahidi kwa mwanamume mwenye mali, naye anakimbia usiku wa maji kujaa, akijaribu kuvuka Ruvuma, na mto unamchukua. Helena hakuona fahari juu ya kifo hicho, kwani kumuua mhusika ni rahisi. Fahari yake ilikuwa katika kinywa cha binti. Katika onyesho la kwanza Mwanaidi anajibu kwa neno moja tu kila anaposemeshwa. Katika la pili anajifunza kuuliza, na maswali yake ni mafupi, ya kitoto, ila baba yake hana la kujibu. Katika la nne anabishana. Katika la tano anasimama ukingoni mwa mto na kusema peke yake kurasa mbili nzima, kwa lugha iliyonyooka, ya mwanamke mzima. Onyesho la tatu lilikuwa jembamba, la kuunganisha tu, na Helena alilijua hilo ingawa hakutaka kulikiri.

Aliyemwigiza Mwanaidi aliitwa Riziki. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wa wakulima wa korosho na muhogo kutoka kijiji cha karibu na mdomo wa Ruvuma, akilala bweni. Alikuwa msemaji, huyo. Aliweza kukusimulia safari ya kwenda kuteka maji ukasahau kazi zako. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya Helena mwanzoni ilikuwa kumnyamazisha. Kila alipotakiwa kusema "Ndiyo" ya onyesho la kwanza, Riziki aliitamka kwa uchangamfu, na wenzake wakacheka.

Helena alimwambia ndiyo ile si ya kukubali. Ni ya mtu ambaye hapana yake haina pa kukaa. Atazame chini, ashike pindo la kanga, aiseme polepole, basi. Riziki alijaribu mara tisa, mara ya kumi ikatoka, na safari hii hakuna aliyecheka. Helena alipiga makofi mwenyewe.

Katika hatua ya wilaya walishika nafasi ya tatu. Mwamuzi mmoja, mzee Isaya, mwalimu mstaafu, alimvuta Helena pembeni na kumsifu, kisha akamwuliza kwa upole: huyu binti, katikati hapa, nani alimfundisha kusema? Mwanzoni ni mtoto, mwishoni ni bibi, na mimi mtazamaji sikuona alipokua. Upole wa mzee yule ulimchoma zaidi kuliko kama angemtukana. Helena alirudi nyumbani hakula.

Jumamosi iliyofuata alimwita Riziki kwenye stoo ya vifaa vya michezo, akamwekea chai na mihogo ya kuchemsha, akamwuliza yeye mwenyewe alianza lini kusema kama mtu mzima. Riziki akacheka. Akasema zamani alikuwa kelele tupu, mpaka alipoingia unyago. Somo wake, Bi Rukia, ndiye aliyemfundisha kipi kinasemwa kwa mume, kipi kwa mkwe, kipi kwa mwanamke aliye katika uchungu, na wapi mtu ananyamaza. Siku ya mwisho somo anamwambia mwali maneno, na mwali anayajibu. Baada ya hapo hasemi tena kama mtoto.

Helena akamwambia amtajie maneno hayo. Riziki akatazama chai yake.

Jumamosi tatu zilipita hivyo. Helena alitumia kila alichokuwa nacho. Alimwambia yeye ni kama mama yake. Alimwambia Mwanaidi atakufa bila kuwa mtu. Alimwambia, na hili lilikuwa baya kuliko yote, kwamba alidhani Riziki anamwamini. Jumamosi ya tatu mtoto akakubali. Aliyasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni, maneno ya somo na majibu ya mwali, mpaka mwisho. Kisha akasema haya ni ya wanawake waliokwisha kuingia, na anampa mwalimu peke yake, ili aelewe tu.

Msomaji asitegemee kuyakuta hapa. Yaliandikwa mara moja na mtu asiyestahili kuyaandika, na mara hiyo inatosha.

Helena aliyaandika jioni ile ile. Alibadili neno hapa na pale, akayaweka katikati ya onyesho la tatu, kinywani mwa Mwanaidi na shangazi yake, na onyesho likasimama likawa na uti wa mgongo. Ukweli lazima usemwe: lilikuwa zuri. Alipogawa kurasa mpya, Riziki alizisoma akiwa amesimama, halafu akamfuata mwalimu wake mpaka mlango wa ofisi.

"Mwalimu, haya hayasemwi mbele ya wanaume."

"Hii ni sanaa, Riziki. Anayesema ni Mwanaidi, si wewe."

Riziki alitazama chini. Alishika pindo la sweta ya shule, akalizungusha kidoleni.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Helena aliitambua. Aliitambua kabisa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifundisha, mara kumi, darasani. Akajifanya hakuitambua, akaingia ofisini kusahihisha madaftari.

Tamthilia ilichezwa siku ya wazazi, wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa. Helena alikuwa amempelekea Bi Rukia mwaliko wa peke yake, wenye jina lake, akitaka mama yule aone mwali wake alivyofika. Hata siku hiyo asubuhi hakuona kosa katika jambo hilo, alijiona mwenye adabu. Wanawake sita walikuja kutoka kijijini nyuma ya pikapu, wamevaa kanga za sare, wakakalishwa mstari wa pili. Nyuma yao waliketi akina baba, walimu na wavulana wa shule.

Onyesho la kwanza waliguna kwa huruma. La pili wakacheka palipostahili kucheka. La tatu lilipofika kwenye maneno yale, Bi Rukia alivuta kanga akafunika uso. Hakupiga kelele. Aliinuka, na wale watano wakainuka, wakapita mbele ya jukwaa wakitoka nje mmoja mmoja, na nyuma yao wanaume wawili watatu wakacheka kile kicheko cha watu waliochungulia bafuni. Jukwaani Riziki aliwaona wote wakipita. Sauti yake ilikatika, akaikusanya, akaendelea. Alicheza mpaka mwisho, mpaka mto, na wanafunzi wakampigia makofi kwa muda mrefu.

Baadaye waliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, Bwana Stefano. Bi Rukia alikataa kiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye nembo, chale za zamani, mashavuni, na aliuliza swali moja tu: nani aliyetoa maneno ya ndani akayaweka pale. Bwana Stefano akamgeukia Helena. Riziki alikuwa amesimama kando ya kabati la mafaili, bado na vazi la Mwanaidi, naye pia akamtazama Helena, akingoja.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Helena aliikumbuka nafasi hiyo kwa miaka saba, urefu wake, feni iliyokuwa ikizunguka juu yao. Aliogopa mkuu wake, aliogopa barua ya onyo, aliogopa zaidi macho ya mwanamke yule mfupi. Akasema hakujua kama ni ya siri. Akasema Riziki aliyaleta mwenyewe, na yeye alidhani ni nyimbo za kawaida za shughuli.

Riziki akageuza uso kwa somo wake. "Ni mimi," akasema. "Niliyaleta mwenyewe."

Siku ya tatu dereva wa pikapu alileta kanga shuleni. Ndiyo kanga ambayo Riziki alimpa Bi Rukia alipotoka unyagoni, na kurudishwa kwake kulikuwa na maana moja tu: huna somo tena. Tamthilia haikwenda mkoani. Helena aliwaambia wenzake usafiri umekosekana. Riziki alimaliza kidato cha nne, akafaulu Kiswahili na kufeli mengine karibu yote, akarudi kwao. Walipoagana mwalimu alimpa kamusi kama zawadi, na mwanafunzi akaipokea kwa mikono miwili.

Basi ile siku ya swali la Irene, Helena hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita sokoni Chikongola kutafuta dagaa, na pale akakutana na Zainabu, dada mkubwa wa Riziki, aliyekuwa na meza ya dagaa na pweza wakavu. Walikuwa wakionana mara kwa mara, na Helena kila mara aliuliza habari za Riziki haraka haraka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Safari hii Zainabu hakuishia kwenye hajambo. Alisema mdogo wake ni mjamzito, mimba ya kwanza, miezi saba. Alisema mimba ya kwanza kwao ina shughuli yake, ya wanawake, na shughuli hiyo haifanyiki bila somo. Harusini alisimamiwa na binamu, watu wakanong'ona wakaacha. Hili la uzazi hakuna aliyekubali kulisimamia. Mama mkwe wake ameanza kusema ameletewa mwanamke asiyefundwa.

Helena akauliza Riziki mwenyewe anasemaje.

"Yule siku hizi hasemi, mwalimu," Zainabu akajibu, akifunga dagaa kwenye gazeti. "Ukimwuliza kitu ni ndiyo, sijui, haya. Mumewe Selemani ni mtu mwema, na hata yeye anasema anaishi na kivuli."

Helena alipokea dagaa akasahau kuondoka. Alikuwa amekaa miezi minane mezani kwake akimtengeneza binti wa kwenye karatasi, akimtoa kwenye neno moja na kumfikisha kurasa mbili. Na binti wa nyama na damu, aliyekuja kwake na maneno mengi kama mvua ya masika, alikuwa amemrudisha mpaka kwenye lile neno moja. 

Nyumbani alimweleza Mikaeli. Ndoa ya miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumwambia kwamba siku ile ofisini alisema uongo. Mikaeli alijua habari kama wengine walivyoijua, kwamba mwanafunzi alivujisha mambo ya kwao. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ya zamani ayaache, mtoto keshaolewa. Baada ya kitambo akamwuliza anaondoka saa ngapi kwenda huko.

Jumamosi alifika kijijini kabla ya adhuhuri. Mabibo yalikuwa yameanza kudondoka chini ya mikorosho na barabara nzima ilinuka utamu wake. Bi Rukia alikuwa uani akigeuza makopa ya muhogo juu ya mkeka. Alikuwa amezeeka upande mmoja, mguu wa kushoto ukimburuta, ila macho yalikuwa yale yale. Helena alitoa shikamoo. Ikaitikiwa bila kukaribishwa.

Akasema akiwa amesimama, kwa kuwa hakuambiwa akae. Alisema Jumamosi zote tatu, chai, mihogo, kila alichomwambia mtoto. Alisema alionywa mlangoni na akajibu tu kwamba ni sanaa. Alisema ofisini alidanganya, na Riziki akaubeba uongo huo ili mwalimu wake asiaibike.

Bi Rukia aliendelea kugeuza makopa mpaka mkeka ukaisha. Alipoinuka ilimchukua muda.

"Nilimwuliza mwalimu," akasema. "Sikumwuliza mtoto, nilimwuliza mwalimu, maana mwalimu ndiye mtu mzima. Nikamkata mwanangu kwa neno lako. Miaka saba anapita hapo njiani ananisalimia, mie naitikia kama naitikia mgeni."

Helena akasema hakuja ili asamehewe.

"Vizuri, maana sijakusamehe," Bi Rukia akajibu, akitafuta kandambili zake. "Twende ukayaseme kwake. Na mkwewe awepo asikie."

Nyumba ya Selemani ilikuwa mwendo mfupi, ila kwa mguu ule walikwenda muda mrefu, na Helena hakuthubutu kumpa mkono. Riziki alikuwa kivulini mwa jiko akipepeta mpunga. Alipoona wawili wale wanaingia pamoja, ungo ulisimama. Mama mkwe alitoka ndani akijifuta mikono. Bi Rukia akasema mwalimu ana neno, akakaa kwenye kinu kilicholala.

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Kwa Bi Rukia Helena alikuwa akiungama. Hapa alikuwa akimtazama mtu. Alijikuta anaanza kusema vizuri, kwa sentensi zenye mpangilio, kama anayeandika onyesho, akaona aibu, akaacha mpangilio. Alisema ni mimi niliyekutoa maneno yale kwa nguvu. Ulinikataza nikaendelea. Nikakusingizia. Akamwambia mama mkwe kwamba mwanamke huyu alifundwa vizuri, hata akaficha kosa la mtu mzima asimwaibishe. Halafu akamwomba Riziki radhi.

Riziki alitazama chini. Alishika pindo la kanga, akalizungusha kidoleni.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Helena alikuwa ametarajia lawama, na alikuwa ametarajia kilio, hata moyoni, kwa siri, alikuwa ametarajia kukumbatiwa. Hakuitarajia hiyo. Hakukuwa na mtu mwingine pale uani aliyejua ilikotoka, wala maana yake, na safari hii hakuwa na ofisi ya kuingia. Akaipokea. Akasema ahsante, kwa kuwa hakuwa na kingine.

 Bi Rukia alimwambia Riziki alete kile alichorudishiwa. Riziki alikwenda ndani, akakaa kidogo, akarudi na kanga iliyokunjwa vizuri, rangi zake bado nzito, kwani haikuwahi kuvaliwa tena. Aliishika kwa mikono miwili. Yule mama mfupi aliipokea, akaifunga kiunoni juu ya ile aliyokuwa nayo, akajishika kwenye bega la Riziki ili ainuke. Wakaingia ndani wote wawili. Mama mkwe akawafuata na maji, akatoka, akauegesha mlango, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Helena alibaki uani na ungo wa mpunga. Mwanzoni ilisikika sauti ya Bi Rukia peke yake.  Kisha ikaanza ya Riziki, ya chini, ikisita, ikianza upya, halafu haikusita tena. Ilikuwa inasema, inasema na kusema, kama ilivyokuwa ikisimulia zamani habari za kuteka maji, na katikati yake Bi Rukia akaguna, akacheka.

Dirisha lilikuwa wazi. Helena akatambua kwamba akitulia kidogo tu ataanza kuyapata maneno. Sikio lake lilikuwa limeshaanza kazi, lile sikio la mwandishi, likiokota neno hapa, mkato wa sauti pale.

Akachukua mkoba wake. Alitoka uani, akapita jirani wa kwanza na wa pili, akaendelea mpaka barabarani mahali ambapo hakusikia kitu isipokuwa kuku. Hapakuwa na kivuli. Akasimama hapo hapo juani, akangoja pikipiki.